VIUNGO NAVYO HUSEMA
Somo juu ya ishara za mwili kazini, na yampasayo aliye mkubwa juu ya wenziwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemfunza mwanadamu kubainisha yaliyo moyoni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad S.A.W., na jamaa zake, na masahaba zake wote. Baada ya haya:

Ndugu zetu wasomaji, leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulitenda kutwa, wala halifikiri. Jambo lenyewe ni maneno yasemwayo bila ya ulimi: jicho, uso, mkono, shingo, kusimama na kukaa. Na khasa twataka kuyatazama mahali pa kazi, baina ya mkubwa na walio chini yake, kwani huko ndiko neno lisilosemwa liwezapo kumnyima mtu riziki yake.

Hatukulichagua somo hili kwa kupenda mageni. Limetupata sisi wenyewe, na kosa lilikuwa letu.

Palikuwa na ghala moja hapa Voi, mwenyewe hatumtaji. Magunia ya sukari yakaonekana kupungua, na dhana ikamwangukia karani wa ghala, kijana wa Kitaita kutoka milimani. Mwenye ghala akataka mashauri ya watu wazima, na sisi watu watatu wa darsa hili tukawa miongoni mwa walioitwa. Kijana akaletwa, akasimama mbele yetu. Akaulizwa, akajibu kwa sauti ndogo, macho yake chini, vidole vyake vikisuguana, na jasho likimtoka. Mwenye ghala akatugeukia akasema, "Mwamwona? Hawezi hata kututazama. Mtu msafi huogopa nini?" Nasi, Mungu atusamehe, hatukusema neno. Tulitikisa vichwa tu. Kijana akatolewa kazini siku ile ile.

Baada ya miezi miwili khabari ikabainika kuwa magunia yale yalipakiwa yakapelekwa Taveta, na aliyeyapeleka hakuandika katika daftari. Hapakuwa na wizi wala mwizi. Palikuwa na macho yaliyotazama chini, na vichwa vitatu vilivyotikisika.

Basi tukakaa tukajiuliza: Je, ilikuwaje sisi tukamhukumu mtu kwa macho yake? Na je, yeye alisema nini kwa macho yale ambalo sisi hatukulisikia? Haya ndiyo tuliyoyasoma tangu siku hiyo, nasi twawaleteeni.

ISHARA NI NENO

Wako wanaodhani kuwa elimu ya ishara za mwili ni jambo jipya lililozuliwa Ulaya na Marekani. La, sivyo. Huko Basra aliishi mwanachuoni mkubwa wa lugha, Al-Jahiz, aliyekufa mwaka 255 wa Hijra, nao ni miaka ya 868 na 869 ya Miladi. Katika kitabu chake kiitwacho Al-Bayan wat-Tabyin alizihesabu njia ambazo kwazo maana hutoka kwa mtu ikamfikia mwingine, akaziona kuwa ni tano: neno la ulimi, ishara, kuhesabu kwa vidole, khati ya kalamu, na hali ya kitu chenyewe, ambayo husema ingawa kitu kile hakina ulimi. Akabainisha kuwa ishara hufanywa kwa mkono, na kwa kichwa, na kwa jicho, na kwa nyusi, na kwa mabega. Na kuwa ishara na neno ni washirika wawili, huyu humsaidia huyu, na pengine ishara hushika mahali pa neno lote.

Nao Wazungu walipokuja kulishughulikia jambo hili walifanya kazi kubwa. Darwin wa Uingereza alitoa kitabu mwaka 1872 juu ya namna watu na wanyama wanavyodhihirisha furaha, khofu na hasira. Lakini mlango ulikwisha funguliwa zamani.

Na sisi wa Voi hatuna haja ya kuambiwa na mtu kuwa ishara ni neno, kwani mji wetu umekua juu ya reli. Hapa ndipo ilipopita njia ya Mombasa kwenda Uganda, na hapa ndipo ilipoanzwa mwaka 1915, wakati wa vita vya Wadachi, njia ya kwenda Taveta. Na sasa iko stesheni nyingine ya treni mpya, iliyofunguliwa pamoja na reli yake tarehe 31 Mei 1917 na miaka mia moja juu yake, yaani 2017. Watu wa reli wana lugha yao ya mikono tangu zamani. Bendera nyekundu ni simama, bendera ya kijani ni pita. Asiye na bendera akainua mikono yake miwili juu ya kichwa, dereva husimamisha treni, wala hamwulizi sababu. Usiku taa hushika mahali pa bendera. Watu wangapi wameokoka kwa mkono ulioinuliwa kwa wakati wake!

Lakini, ndugu msomaji, tazama hapa, maana hapa ndipo penye shina la somo letu. Ishara za reli zina kitabu. Waliopo wote wamefunzwa kitabu kimoja, na mwenye kuinua mkono na mwenye kuutazama wamekwisha patana kabla ya treni kuja. Ama ishara za uso na macho hazina kitabu. Kila mtu amezisoma kwao, kwa mama yake na mjini mwake, naye hudhani kuwa watu wote wamezisoma kama yeye. Kwa sababu hii hutokea kuwa huyu amesema "nakuheshimu", na yule akasikia "mimi ni mwizi".

YALIYOTOKEA TSAVO

Upande wa Nairobi, mwendo wa maili 30 hivi kutoka Voi kwa reli, lipo daraja la mto Tsavo. Mwaka 1898 aliletwa hapo mhandisi wa Kiingereza, J. H. Patterson, asimamie ujenzi wake. Wengi wetu twajua khabari ya simba wawili waliokuwa wakila watu hapo. Lakini katika kitabu alichokiandika Patterson mwenyewe mna khabari nyingine isiyosimuliwa sana, nayo inatuhusu zaidi.

Waashi waliokuja kutoka Bara Hindi walikuwa wakilipwa rupia 45 kwa mwezi, na kibarua wa kawaida rupia 12. Patterson akaona kuwa wengi katika hao waashi si waashi, bali ni vibarua waliojiita hivyo wapate mshahara mkubwa. Akaugeuza utaratibu, kila mtu alipwe kwa kazi aifanyayo. Waashi wakakasirika, wakapatana wamwue, kisha isemwe kuwa ameliwa na simba. Mmoja wao akamtolea siri. Asubuhi yake akaenda katika machimbo ya mawe. Asema kuwa aliwakuta wamenyamaza kimya, wakitupiana macho ya pembeni, akajua kuwa jambo lipo. Akaitwa aende mbele zaidi, mahali pembamba katikati ya korongo, na mara watu wakamzunguka. Akaruka juu ya jiwe, akasema nao kwa Kihindustani, kuwa khabari yao anaijua, na kuwa wakimwua Serikali haitadanganyika. Kisha akawaambia, aliye tayari kurudi kazini na ainue mkono. Mikono yote ikainuka.

Mtu angalikomea hapo angalisema: huyu ndiye kiongozi! Alisoma macho ya watu akajua khatari. Alisimama juu, hakutetemeka, na kwa kusimama kwake akawashinda wengi. Na kweli katika hayo mna ushujaa, hatuukatai. Lakini khabari haikomei hapo. Patterson mwenyewe aeleza kuwa haukupita muda mrefu waashi wale wakakutana tena usiku wakaapa upya kumwua, hata ikabidi waletwe askari wa reli, wakakamatwa wakuu wa jambo hilo wakapelekwa Mombasa kuhukumiwa.

Basi mikono ile iliyoinuka ilisema nini? Ilisema, "Leo tumekuogopa." Haikusema, "Tumeridhika." Manung'uniko ya mshahara yalibaki vile vile mioyoni. Na tukumbuke pia kuwa khabari hizi zote tumezipata kwa kalamu ya mkubwa peke yake. Hao waashi hawakutuachia kitabu tukajua wao waliyaonaje.

Kisha tarehe 1 Disemba mwaka ule ule vibarua walimwendea Patterson kwa wingi, wakamwambia kuwa wao walikuja kumfanyia Serikali kazi, hawakuja kuwa chakula cha simba. Wakashuka relini, wakajilaza mbele ya treni iliyokuwa ikipita, treni ikasimama, wakapanda na mizigo yao wakenda zao. Kazi ikasita majuma matatu. Hii nayo ilikuwa ishara ya mwili, na hapana awezaye kusema hakuifahamu. Lakini mkubwa wa kazi asingoje mpaka watu walale juu ya reli! Kabla ya siku hiyo walikwisha sema kwa nyuso zao, na kwa kunyamaza kwao, na kwa miguu yao iliyokuwa ikienda kazini kwa uzito.

Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Disemba, na wa pili tarehe 29. Baada ya hapo watu walirudi, na hao hao wafanyakazi wakampa Patterson bakuli la fedha kwa shukrani. Kumbe kilichowarudisha hakikuwa kusimama juu ya jiwe. Kilikuwa kuondolewa kile walichokiogopa.

USO WA MKUBWA

Aliye chini humsoma aliye juu kama baharia anavyolisoma wingu. Mkubwa akiingia asubuhi amekunja uso, wafanyakazi kumi hujiuliza kumi: "Ni mimi?" Pengine yeye ameumwa na jino tu. Karani aliyekuwa na khabari ya hesabu iliyoharibika huirudisha mfukoni akasema, "Leo siyo siku yake." Kesho vile vile, na kesho kutwa, mpaka hesabu iliyokuwa ya shilingi mia ikawa ya elfu. Mkubwa atasema baadaye, "Mbona hamkuniambia?" Walikwambiaje, nawe uso wako ulikuwa mlango uliotiwa komeo?

Ndugu zetu, katika jambo hili tuna mafunzo ambayo wengine wametafuta mbali. Sura ya Abasa yajulikana na kila mtoto wa chuoni. Mtume S.A.W. alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitaraji wasilimu. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, akataka kufunzwa. Mtume akakunja uso, akageuka. Ikashuka aya kumkumbusha. Tuangalie: Ibnu Ummi Maktum alikuwa hana macho. Uso ule uliokunjwa hakuuona, wala hapana aliyemwambia wakati ule. Pamoja na hayo jambo halikuachwa lipite. Basi itakuwaje kwa sisi tunaokunjia nyuso zetu watu wanaotuona vizuri? Na baada ya hapo kipofu yule alitukuzwa, akawa mwadhini, na Mtume aliposafiri akamwachia Madina mara zaidi ya moja.

Na Luqman alipomuusia mwanawe, katika wasia wake alitia shavu, mwendo na sauti: asiwageuzie watu shavu lake kwa kiburi, asitembee kwa maringo, aifanye sauti yake iwe ya chini. Vyote vitatu ni mambo ya mwili, na vyote ni katika adabu za mwenye cheo.

Tena tuisome khabari ya Kaab bin Malik, aliyebaki nyuma katika safari ya Tabuki mwaka wa 9 wa Hijra. Watu waliamrishwa wasiseme naye, ikawa hivyo siku khamsini. Kaab ahadithia kuwa alikuwa akitoa salamu, kisha akitazama midomo ya Mtume kama imetikisika kwa kumjibu au la. Hivi ndivyo mtu aliye katika dhiki anavyomsoma mkubwa wake! Na toba yake ilipokubaliwa, aliingia msikitini watu wameketi, na Talha bin Ubaidillah akainuka, akamwendea mbio akampa mkono na kumpongeza. Kaab amesema kuwa jambo lile hakumsahaulia Talha maisha yake yote. Ni nini alichokifanya Talha? Aliinuka tu. Hatua chache na mkono mmoja, vikakaa katika moyo wa mtu mpaka kufa kwake.

Je, mkubwa wa ofisi, au nyapara katika shamba la katani la Mwatate, au msimamizi wa hoteli ya watalii mbugani, ni mara ngapi ameinuka kumpokea aliyetoka katika msiba? Ni mara ngapi ameiweka simu yake chini, akamgeukia kwa kifua chake chote anayesema naye? Katika sifa za Mtume S.A.W. imepokewa kuwa alipomgeukia mtu alimgeukia kwa mwili wake wote, hakumpa shingo tu. Siku hizi wengi wetu hatutoi hata shingo. Mfanyakazi husema, na mkubwa hujibu "ndiyo, ndiyo", macho yake yamo katika kioo cha simu. Ulimi umesema "nasikia", na viungo vyote vimesema "ondoka".

MANENO YA KUJIHADHARI NAYO

Siku hizi wako walimu wanaozunguka katika semina za wakubwa wa kazi wakifunza mambo haya, na katika mafunzo yao mna mazuri na mna yaliyooza. Twataja mawili ili msikhadaike.

La kwanza, husema kuwa katika mazungumzo yote, maneno ni 7 tu katika mia, sauti ni 38, na mwili ni 55. Hesabu hizi zatokana na uchunguzi uliofanywa mwaka 1967 na Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles. Lakini yeye alikuwa akichungua jambo moja dogo: mtu akisikia neno moja, na sauti yake au uso wake haupatani na neno lile, atahukumu vipi kama msemaji ampenda au ampendi? Mehrabian mwenyewe amesema kuwa hesabu zake si za mazungumzo yote. Na akili yatosha kulijua hili. Na aende mtu asiyejua Kitaita akaketi katika baraza ya wazee kule Wundanyi, atazame mikono na nyuso zao, kisha tumwone kama atarudi na khabari 93 katika mia!

La pili, wasema kuwa mtu akisimama dakika mbili, mikono kiunoni na kifua mbele, damu yake hugeuka akawa na nguvu za uongozi. Khabari hii ilitoka Marekani mwaka 2010. Mwaka 2015 wataalamu wengine wakaijaribu kwa watu 200, wakaona kuwa waliosimama hivyo walijihisi kuwa na nguvu zaidi, lakini mabadiliko yale yaliyodaiwa mwilini hayakupatikana. Na mwaka 2016 mmoja wa wale watatu wa kwanza, Dana Carney, akatangaza kuwa yeye haamini tena kuwa jambo hilo ni kweli. Kurudi kutoka katika kosa lako mbele za watu ni uungwana, na twamsifu kwa hilo. Ama kwetu sisi, kushika kiuno mbele ya watu wazima ni utovu wa adabu, hata kabla ya utaalamu kusema lolote.

KUMHUKUMU MWENZIO

Sasa turudi kwa kijana wetu wa ghalani. Hapa ndipo tulipokosa, na hapa ndipo wengi wakosapo.

Mji wa Voi ni njia panda. Utamkuta Mtaita na Mtaveta, Mkamba, Mswahili wa pwani, Msomali, Mhindi, mtu wa bara, na mgeni kutoka ng'ambo. Kila mmoja amekuja na viungo vilivyofunzwa kwao. Katika wengi wa watu wetu, mtoto aliyelelewa hamkodolei macho mkubwa wake. Kuyashusha ndiyo heshima. Mgeni kutoka Ulaya amefunzwa kinyume, kuwa asiyetazama machoni ana la kuficha. Mwanamke wa Kiislamu akiweka mkono kifuani badala ya kuutoa kwa mwanamume, amesalimu kwa adabu. Asiyejua hudhani kuwa ametukanwa. Kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumdharau, na yuko mtu atakayekupa kwa mkono huo naye hana nia mbaya hata chembe. Wengine hutoa kwa mikono miwili, na anayepokea kwa mmoja huonekana mjeuri.

Na hata watu wa desturi moja hawawezi kuujua uongo kwa kuutazama uso. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya uchunguzi mwingi uliofanywa juu ya jambo hili, wenye mahakimu zaidi ya 20,000. Wakaona kuwa mtu akitazama na kusikiliza, akakata kuwa huyu ni mkweli au mwongo, hupata katika mia 54 tu. Naye mwenye kurusha sarafu hewani hupata 50! Basi yule asemaye, "Mimi nikimtazama mtu machoni namjua mwizi," ajue kuwa ameizidi sarafu kwa kidogo sana, na kwa kidogo hicho amekata riziki ya mtu.

Jasho, kusugua vidole, sauti kutetemeka: hizi ni alama za khofu. Lakini mwizi huogopa, na asiye mwizi akidhaniwa wizi huogopa vile vile, pengine zaidi, kwani mwizi amekwisha jitayarisha. Uso ulituambia kuwa kijana ana khofu. Sisi tukaongeza, kutoka kwetu, kuwa khofu ile ni ya hatia. Dhana yetu ndiyo iliyosema, si uso wake.

YAFAAYO KUTENDWA

Kwa muhtasari wa somo hili, twasema hivi:

1. Mkubwa na auhesabu uso wake kuwa ni sehemu ya kazi yake. Akiwa na dhiki ya nyumbani, na aseme, "Leo nina shughuli zangu, si juu yenu." Neno hili dogo litawaondolea watu kumi mzigo.

2. Amgeukie anayesema naye kwa mwili wote. Akiwa hana nafasi, na ampe saa nyingine, naye aishike ahadi.

3. Asimwonye mtu mbele ya wenziwe kwa kidole, wala kwa kufyonya, wala kwa kubetua midomo. Jeraha la kidole hukaa zaidi kuliko la neno, kwani neno laweza kuombewa radhi; kidole husemwa, "Mimi sikusema kitu."

4. Akiona vichwa vyote vimetikisika au mikono yote imeinuka, asilale usingizi. Na aulize mmoja mmoja, faraghani: "Lipi lisilokuridhisha?" Na akumbuke machimbo ya Tsavo.

5. Akiona ishara asiyoifahamu, na aifanye kuwa swali, asiifanye kuwa hukumu. "Nakuona umeinamisha macho; je, uko salama?" Hili halimgharimu kitu.

6. Jambo la haki, mali na kazi ya mtu, lithibitishwe kwa daftari na mashahidi. Uso si daftari.

7. Nasi tulio chini, au tuitwao kutoa mashauri, tujue kuwa kutikisa kichwa ni kusema. Mtu asijiondoe lawama kwa kuwa hakufungua kinywa.

Na ukitaka kuyafunga yote katika neno moja, basi ni hili: kuwa mkali juu ya ishara zako mwenyewe, na kuwa mpole juu ya ishara za mwenzio. Wengi wetu twafanya kinyume. Nyuso zetu twaziacha zikaumiza watu, kisha twasema, "Ndivyo nilivyoumbwa." Na nyuso za wenzetu twazichungua kama hati ya mahakama.

KHATIMA

Baada ya ukweli kubainika, sisi watatu tulipanda gari tukaenda kwao milimani kumtaka radhi yule kijana. Mwenye ghala hakuja, alituma salamu. Mama yake alitupokea kwa mikono miwili, akatupa viti, naye akaketi chini, nasi tukaona haya. Kijana akatoka shambani, akanawa mikono, akaja akasimama mbele yetu. Tulisema yaliyotupeleka. Alituacha tukamaliza. Kisha akajibu kwa sauti ile ile ndogo, "Wazee wangu, yamepita. Mimi sina kinyongo." Kazini hakurudi, alisema kuwa amekwisha panda mahindi.

Na wakati wote alipokuwa akisema nasi, macho yake yalikuwa chini, kama siku ile ya ghalani. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa siku ile ya kwanza, katikati ya khofu yake, mbele ya watu waliokuwa wakimwua riziki, kijana yule alikuwa akituheshimu.

Mwenyezi Mungu atusamehe, atupe macho ya kuona kabla ya kuhukumu, na nyuso zisizowafungia watu mlango. Wa billahi taufik.